Kaptura ya Bibi

Nyonga ya kushoto ilivunjika nikiwa na miaka 72, usiku, njiani kwenda msalani. Nilipasuliwa, nikawekewa chuma. Maumivu yaliisha mapema kuliko woga. Nikawa nashinda kitandani na mkongojo pembeni, miguu inazidi kulegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayoangusha.

Binti yangu, anayetunza wazee huko Denmark, akaniletea kaptura zenye pedi. Denmark wanazijua tangu zamani: utafiti uliofanywa katika nyumba ya wazee na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa waliopewa kinga hizo walivunjika nyonga chini ya nusu ya wenzao. Tafiti za baadaye zikapunguza sifa hizo, hasa kwa wanaoishi majumbani kwao. Sababu moja kubwa: watu walizivua.

Hata mimi nilizivua. Za kwanza zilikuwa za sponji nzito isiyopitisha hewa, na joto la Tanga mwezi wa Februari mnalijua. Jasho, mwasho, kisha vipele.

Za pili zilifumwa vingine kabisa. Kitambaa cha matundu juu na chini, na katikati nyuzi ngumu za poliesta zimesimama wima, nyingi ajabu. Ukibonyeza zinalala, ukiachia zinainuka. Mtu akianguka, kule kulala kwa nyuzi ndiko kunakopunguza nguvu ya pigo kabla halijafika mfupani. Na kwa kuwa katikati kuna uwazi, hewa inapita. Nikizifua asubuhi, adhuhuri zimekauka.

Ila zilishonwa kwa miili ya Wazungu warefu. Pedi ilinishukia pajani. Fundi wetu wa mtaani, mama mwenye subira, akakipapasa kile kifupa kinachochomoza pembeni mwa nyonga, akafumua mifuko na kuipandisha mpaka pedi zikakifunika barabara. Lastiki nayo akaibadilisha ikawa laini, maana usiku mkojo haungoji mtu apambane na kaptura inayobana. Hili watengenezaji wangetuuliza sisi vibibi.

Baadaye niliteleza uani kwenye maji ya kufulia, nikaangukia ubavu wa kulia. Eksirei ikaonyesha mfupa mzima. Sitaapa kwamba ni pedi. Huenda ni namna nilivyoanguka, na Mungu yupo. Lakini sasa natembea mpaka sokoni. Nazivaa ndani ya dera, na majirani wanasema nimenawiri.