Sauti Iliyobanwa

Mimi si fundi redio. Nilimaliza kidato cha nne, nikajitumbukiza katika kazi ya kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijanilipa hata senti, na zile shilingi elfu tisini nilizokuwa nazo mwaka jana zilikuwa za kuchapisha mswada wangu. Sasa acha nikueleze zilivyoishia kwenye spika.

Nyumbani kwetu Mbagala tuna sabufa moja, ile ya kuchomeka flashi. Jumapili mchana baba husikiliza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na kila mara hulalamika neno lile lile: "Gita la pili limekwenda wapi?" Mimi nilidhani ni uzee wa masikio.

Lakini kwenye flashi hiyo kuna faili jingine lisilo na gita wala ngoma. Ni sauti ya marehemu mama. Mwaka 1999, akiwa na mimba yangu, alimpelekea bibi kule Muheza barua ya mdomo, maana bibi hakujua kusoma: alikaa mbele ya redio kaseti akazungumza karibu upande mzima wa kanda. Mama alifariki mwaka 2009. Miaka mitatu baadaye baba aliiazima kanda, akaipeleka kwenye kibanda kimoja cha kurekodi nyimbo, ikageuzwa MP3, kisha akairudisha Muheza. Kwenye sabufa mama husikika kama mtu anayesema ndani ya pipa, na pipa lenyewe limefunikwa blanketi. Dakika ya kumi na moja anacheka, anasema mtoto akiwa wa kiume ameshamchagulia jina, "nakunong'oneza wewe tu mama." Hapo hapo mvua inashuka juu ya mabati. Basi. Jina nililonalo nilipewa na upande wa baba. Bibi naye alishakufa.

Ndiyo maana nikaenda Kariakoo.

Kijana wa dukani alitaka kuniuzia waya wenye ncha za rangi ya dhahabu. "Braza, huu ndio unasafisha sauti." Namshukuru Mungu sikuwa na hela ya kutosha kudanganywa. Rafiki yangu mmoja, anayeunda amplifaya uani kwao, alinifundisha bure. Sauti ya dijitali, alisema, ni tarakimu tu. Kwenye CD, tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Tarakimu hizo lazima zigeuzwe kuwa umeme ndipo spika itikisike. Katika laptopu yetu ya mtumba kazi hiyo hufanyika ndani, katikati ya makelele ya umeme ya mashine yenyewe. Ndio ule mvumo unaobadilika ukisogeza mausi. Dawa yake ni kidude cha USB kinachofanya kazi hiyo nje. Elfu ishirini na tano. Spika mbili za mtumba pamoja na amplifaya ndogo, elfu hamsini na tano. Mswada wangu kwaheri.

Spika nilizipandisha juu ya matofali hadi zikalingana na masikio ya baba akiwa kitini, nikazitoa kwenye kona ambako besi huvimba kama unga wa maandazi. Matofali niliyaokota. Kusema kweli yalifanya kazi kuliko kitu chochote nilichonunua. Kisha nikaazima CD halisi kwa jirani, nikainakili kwa FLAC, ambayo hubana faili bila kutupa kitu. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, baba akainua kidole.

"Hilo hapo," akasema. Gita la pili.

Tukaweka faili la mama. Loo! Spika nzuri hazina huruma. Blanketi liliondoka, lakini chini yake kila herufi ya "s" ilikuwa imekatwa mkia, na mvua ya dakika ya kumi na moja haikuwa mvua tena, ilikuwa maji yanayochemka sufuriani. MP3 hubana kwa kutupa yale ambayo hesabu zake zinaona sikio halitayakosa. CD hubeba kilobiti 1,411 kila sekunde. Nilipokagua faili la mama nikakuta 32. Mvua ya mabati ni sauti ngumu mno kubana. Chakula chote kikaliwa na mvua, mnong'ono ukalala njaa. Yule wa kibandani hakukusudia ubaya, alitaka faili dogo tu, kama kila mtu wakati ule. Nililigeuza kuwa FLAC nikijidanganya. Faili likanenepa, sauti ikawa ile ile, kama mgonjwa aliyevishwa koti kubwa.

Baba alizima mwenyewe. Tukakaa kimya hadi muadhini akaanza kuadhini.

"Kanda ipo kwa mama yako mdogo," akasema. "Kwenye sanduku la bibi yako."

Hela iliyobaki, elfu kumi, nimempa fundi abadilishe mkanda wa redio kaseti yetu na kusafisha hedi kwa spiriti. Nauli nimekopa. Tiketi ya Muheza ni ya Ijumaa, na laptopu nitaipakata mapajani njia nzima. Kanda ya miaka ile huenda ikakubali kuzunguka mara moja tu kisha ikakatika, kwa hiyo nitarekodi bila kubana chochote, hata diski ikijaa.

Jana usiku baba alinifuata mlangoni.

"Ukifika usianze kusikiliza," akaniambia. "Rekodi kwanza, mwanangu. Tutasikiliza wote."