Hirizi Isiyokinga

Mwaka 1996 nilikwenda likizo nyumbani Buhigwe, wakati huo bado ni Wilaya ya Kasulu. Treni mpaka Kigoma, kisha gari la Manyovu. Nilipokuwa nanawa mikono tule, mama akaona kitu kimebanwa kwenye mfuko wa shati.

"Mwanangu, siku hizi unavaa hirizi?"

Ilikuwa beji ya kupimia mionzi, nimesahau kuiacha kazini. Nikamweleza kwamba haikingi chochote, inahesabu tu. Akacheka mpaka akaweka chini bakuli la maharage. Hirizi isiyokinga, ya nini sasa?

Kabla ya beji, kinga yetu ilikuwa maziwa. Katika hospitali niliyoanzia eksirei, tuligawiwa maziwa eti yasafishe mionzi mwilini. Hayasafishi. Lakini siku yalipokosekana tulilalamika kuliko siku aproni ya risasi ilipopasuka. Sheria ya kujikinga na mionzi ilikuwepo tangu 1983. Beji ndizo zilizochelewa kutufikia.

Ndani ya beji mna vijiwe vya lithiamu floraidi vinavyonasa nishati ya mionzi na kuitunza. Baada ya miezi kadhaa zilipelekwa Arusha, vijiwe vikapashwa moto, vikatoa mwanga: mwanga ukizidi, dozi ni kubwa. Kikomo cha zamani kilikuwa milisivati 50 kwa mwaka. Mwaka 1990 wataalamu wa kimataifa wakapendekeza wastani wa 20 kwa mwaka katika miaka 5. Mimi sikuwahi kukaribia hata nusu yake, nikajiona hodari.

Kisha nikahamia tiba ya nyuklia, Dar es Salaam. Eksirei ukiizima, mionzi imekwisha. Teknetiamu, dawa yenye mionzi, haina swichi. Hupungua nusu kila baada ya saa 6, na iodini 131 kila baada ya siku 8. Ukishamchoma mgonjwa sindano, yeye mwenyewe ndiye chanzo cha mionzi, naye anaomba umshike mkono apande kitandani. Utamwambia nini? Wengine walikuwa akina mama wenye rovu, nikawakumbuka bibi zetu wa milimani, enzi chumvi yenye madini joto haijawafikia.

Hapo ndipo zilipoletwa pete, kila moja na kijiwe chake. Majibu ya kwanza yaliponifikia nilidhani wamekosea jina: kidole changu kilikuwa kimepokea dozi mara nyingi zaidi ya kifua. Kikomo cha mikono, 500 kwa mwaka, sikukivuka, ila niliona haya. Miaka yote hiyo nilishika sirinji kwa vidole kwa kuwa koleo lilinichelewesha, na beji ya kifuani haikuwa na namna ya kuliona hilo.

Tangu siku hiyo kijana mpya sikumruhusu kugusa dawa kabla hajajaza sirinji kwa maji ya bomba, koleo mkononi, mimi nikishika saa. Mmoja lilimponyoka, maji yakatapakaa mezani.

"Samahani, mzee."

"Jaza tena."