Mlima Ndani ya Dirisha

Tunapotaja vioo vya rangi vya kanisani, fikra zetu huwaendea watakatifu. Lakini dirisha ambalo limenifikirisha kwa muda mrefu, nami nimeliona katika picha tu, halina sura ya mtu hata mmoja. Linaonesha mlima, maji yatiririkayo, miti, na jua likishuka. Lilitengenezwa mwaka 1917 na karakana ya Tiffany, nchini Marekani, kwa ajili ya kanisa la ndugu zetu Wabaptisti mjini Providence. Mama Mary Hartwell aliliagiza ili kumkumbuka mumewe. Mlima wenyewe ni Chocorua, katika jimbo la New Hampshire. Mchoro wake huhesabiwa kuwa wa mwanamke, Agnes Northrop.

Kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya walichora nyuso na mikunjo ya nguo kwa brashi juu ya kioo. Hawa wa Tiffany walipenda zaidi kuitafuta rangi ndani ya kioo chenyewe. Kwa majani ya miti walitumia kioo kilichoshikamanishwa na vipande vyembamba vya rangi mbalimbali. Ili mlima uonekane u mbali, walipanga vioo tabaka nyuma ya tabaka. Vipande vidogo walivizungushia utepe wa shaba nyekundu, madini tuyajuayo vema sisi wa Katanga, wakaviunga kwa bati na risasi iliyoyeyushwa.

Ustadi huohuo ndio udhaifu wake. Vumbi hujipenyeza kati ya tabaka na kuififiza nuru. Risasi huchoka, na dirisha huanza kupinda kwa uzito wake. Hapo kitambaa na maji havitoshi: sharti lishushwe, lifunguliwe, lisafishwe, liimarishwe. Dirisha hili, lenye paneli 48 na kimo cha mita 7 hivi, liliondoka Providence. Mwaka 2018 likawa mali ya jumba la sanaa, Art Institute of Chicago. Lilisafishwa, na tangu mwaka 2021 wageni hulitazama humo.

Moyo wangu hugawanyika. Kule kanisani jua ndilo lililoupaka mlima ule upya kila saa. Leo nyuma yake ziko taa za umeme. Mjane aliwaachia wasalio kumbukumbu. Leo huipita watalii. Hata hivyo, kioo kilichovunjika hakimkumbuki mtu. Afadhali kumbukumbu ihamie ugenini kuliko kuzikwa nyumbani.

Lakini naamini kuhama huanza mapema kuliko tunavyodhani: siku ile ufa mdogo wa kwanza ulipoonekana na kila mmoja akamwachia mwenziwe. Basi naomba tuulizane, katika parokia zetu zenye vioo vya wazee wetu: ni nani aliyepanda ngazi mwaka huu kuvikagua?