Damu Iliyofunzwa, kutoka Malindi hadi Junju

Mgeni anayetoka Malindi kwenda kusini huelekezwa macho baharini: nguzo ya Vasco da Gama, matumbawe ya Watamu, mikoko ya Mida. Yote yastahili sifa zake. Lakini mimi nikiulizwa pwani hii ina nini cha kushukuriwa na ulimwengu mzima, nitamgeuza mgeni atazame bara, kwenye vijiji vya mahindi, minazi na mikorosho, kwa Wagiriama, Wachonyi na Wakauma ambao damu yao imewafundisha wanasayansi namna mwili unavyopambana na malaria.

Barabara yenyewe inapendeza. Ukishapita Gede, mji wa mawe ulioachwa karne ya 17 ukamezwa na miti, msitu wa Arabuko-Sokoke unakusindikiza mkono wa kulia, na upepo unaoingia dirishani mwa matatu unakuwa na ubaridi wa majani. Ukiuziwa korosho njiani, nunua. Mibuyu ikianza kuwa mingi na tuktuk kuzidi magari, umefika Kilifi.

Katika uwanja wa hospitali ya kaunti ndipo ulipo mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza mwaka 1989 chini ya Norbert Peshu na Kevin Marsh. Wakati huo wodi ya watoto ilijaa wenye degedege na upungufu wa damu. Swali la watafiti lilikuwa wazi katika kila boma: nyanya na mjukuu wanalala chumba kimoja, wanaumwa na mbu walewale, mtoto anapoteza fahamu, nyanya anaamka alfajiri kwenda kulima. Nyanya ana nini?

Sehemu ya jibu ilikwisha kupatikana Gambia mwaka 1961, pale Sydney Cohen, Ian McGregor na wenzao walipochukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua. Basi ngao imo katika kingamwili. Zipi miongoni mwa chungu nzima zilizomo mwilini, na zinafanyaje kazi? Kilifi imeyatumikia maswali hayo miaka mingi.

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Mikono miwili hushika kimelea, mguu hubaki nje, na huo mguu ndio unaoita. Ni kama mtu aliyemkamata mwizi gizani kwa mikono yote miwili huku akipiga ukemi: peke yake hamwezi, lakini majirani wakisikia watatoka na fimbo. Seli za kinga zina vipokezi kwenye utando wake vinavyoutambua mguu huo. Seli mlaji ikiugusa humeza kimelea pamoja na kingamwili iliyokishika. Seli ya NK, ambayo kazi yake ni kuua, ishara huipenya hadi ndani; hapo humwaga sumu yake na kutoa interferoni gama, ujumbe wa kemikali unaoamsha seli nyingine.

Faith Osier, mwanasayansi Mkenya aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, alionyesha na wenzake mwaka 2008 kwamba mtoto mwenye kingamwili dhidi ya protini nyingi tofauti za kimelea huepuka homa kuliko mwenye chache. Mwaka 2023 watafiti wa mradi huohuo na wenzao wakachapisha jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: kingamwili zenye uwezo wa kuziita seli za NK huambatana na kinga ya kweli. Kuhesabu kingamwili hakutoshi. Sharti upime wito wake.

Ushahidi wa hilo ulitolewa na watu. Kati ya mwaka 2016 na 2018, Wakenya wazima 161, wengi wao wa kaunti hii, walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria chini ya uangalizi wa madaktari. Zaidi ya nusu ya waliochunguzwa hawakufikia kiwango cha kuhitaji tiba katika muda wa jaribio, na wengine vimelea havikuonekana kabisa katika damu yao. Nikivipita vijiji vile navua kofia.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Hapo juu mkono wa bahari unaingia bara ukiwa buluu ya kukatisha pumzi, na ng'ambo yake ni magofu ya Mnarani. Kusini zaidi, ukiiacha lami, utafika Junju, ambako watoto wamefuatiliwa homa zao kwa miaka, wafanyakazi wa nyanjani wakizunguka nyumba kwa nyumba.

Lililonishangaza kuliko yote lilitoka katika damu ya watu wazima wa Kilifi. Kimelea kikishaingia katika seli nyekundu huipamba kwa protini ziitwazo RIFIN. Baadhi ya hizo hugusa kipokezi LAIR1 kilicho juu ya seli za kinga, na LAIR1 ni breki: ikiguswa, seli hutulia. Kimelea kinatuma ishara ya uongo ya amani. Sasa, kundi la Antonio Lanzavecchia na Joshua Tan, likishirikiana na Kilifi, lilikuta kingamwili zilizobeba kipande cha LAIR1 chenyewe, kilichohama kutoka kromosomu ya 19 hadi kwenye jeni la kingamwili katika kromosomu ya 14. Kipande hicho kimebadilika kikashika RIFIN kwa nguvu na kuacha kolajeni, ambayo LAIR1 huishika kwa kawaida. Breki iliyolengwa na adui imegeuzwa mkono wa kumkamatia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature.

Chanjo ya R21, iliyojaribiwa pia Kilifi na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, hukizuia kimelea kabla hakijashika ini. Chanjo ya kupambana nacho ndani ya damu, pale nyanya wa Junju anaposhinda bila sindano, bado inatafutwa, na maabara zinazoitafuta zinaendelea kurudi Kilifi kuomba mirija ya damu.