Ukihamia Chanika, Usingizi Uache Mjini

Ukisikia mtu kahamia kwake Chanika, mpe hongera. Kumkimbia mwenye nyumba na kodi yake ya miezi sita si mchezo. Halafu muulize swali moja tu: jioni unafika nyumbani saa ngapi?

Mimi nakaa huko, huu mwaka wa nne. Kibarua changu kiko Kariakoo, na saa mbili asubuhi duka la watu liwe wazi. Kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri niko kituoni. Gari linakuja, siti zote zina watu! Wajanja wamelidakia njiani likiwa linakwenda kituo cha mwisho, wakageuza nalo. Yaani nauli mbili, siti moja.

Jioni ndio balaa lenyewe. Kibao kinasema Chanika, tukifika Gongo la Mboto konda anapiga bodi: "Mwisho wa gari, shukeni!" Ukibisha, unaambiwa ununue lako. Wengi tunamtukana konda, lakini hesabu yake iko wazi. Kila siku tajiri anataka chake. Usiku akifika Chanika atarudi mtupu, wakati Gongo la Mboto anageuza na kuokota vichwa vingine. Anayeumia ni sisi wa mbele.

Mdogo wangu wa kike anakaa kwangu. Juzi juzi kapata kazi ya hoteli huko mjini, zamu inaisha saa nne usiku. Tukakaa, tukapiga hesabu. Gari likikata ruti, anashuka pale peke yake usiku ule. Akibahatika kufika Chanika, bado kuna bodaboda ya kuingia ndani, giza totoro, na nauli yake inazidi ya daladala. Kazi kaikataa. Si uvivu jamani, ni usafiri.

Jiji limefura. Sensa ya 2002 ilihesabu watu kama milioni 2.5 Dar es Salaam; ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Wengi wetu tumefuata viwanja vya bei poa huko pembeni, ila mabasi hayakutufuata. Sikatai, kuna yaliyofanyika. Treni za mjini zilianza Oktoba 2012, na mwendokasi wa Kimara ukaanza 2016. Safi sana. Lakini barabara pana haimfikishi mtu mlangoni.

Mimi naona hivi. Kwanza, atakayekata ruti usiku abanwe kweli kweli, siyo operesheni ya wiki moja. Pili, wenye magari wapangiwe zamu za usiku, ili hasara ya kurudi mtupu isimwangukie mmoja. Tatu, vigari vidogo viingie mitaani, vitulete kwenye mabasi makubwa kwa tiketi hiyo hiyo moja. Na gari la mwisho liwe na saa yake inayojulikana, lijae lisijae, liondoke.

Hapo ndipo dada wa watu atakubali kazi ya zamu bila kuogopa njia ya kurudi.

Nawe unayekaa Sinza, usicheke. Kodi ikipanda tena, tutakutana kituoni saa kumi na nusu. Uje na koti, alfajiri huku kuna baridi.