Viganja vya Henza

Mwaka 1978 tulitoka Lamu na shehena ya boriti, nami nikiwa baharia wa siku moja. Sarahangi, msimamizi wa mabaharia, akatuita kwenye henza tuivute, tupandishe foromali ya tanga. Kamba ilikuwa ya makumbi, ina manyoya yanayochoma. Tanga halijafika juu, chini ya kidole cha pete pakaanza kuwaka. Nilipofungua kiganja, lengelenge limetuna, ngozi yake imelegea kama utando wa maziwa ya moto.

Nikatafuta mwiba nilitumbue. Sarahangi akanidaka mkono. "Wacha, mwanangu. Hiyo ngozi ndiyo plasta yako."

Miaka baadaye tabibu mmoja alinieleza. Kamba huvuta ngozi ya juu, mifupa ya ndani ikienda upande wake. Matabaka ya katikati hupasuka, nafasi ikajaa maji yatokayo kwenye damu. Lengelenge likiachwa zima, ngozi mpya huanza kujijenga chini yake ndani ya siku moja au mbili. Na hutokea zaidi viganjani na nyayoni, penye ngozi nene; kwingine huchubuka tu.

Adui mkubwa ni jasho. Kiganja kikavu huteleza, kilicholowa chepechepe nacho huteleza. Chenye unyevunyevu ndicho kinachong'ang'ania kamba. Kila mara kabla ya kuvuta tulijifuta kwenye vikoi. (Nailoni ilipokuja ilileta lake: ikikuponyoka inakuunguza kabla hujaiachia.)

Kusi haijaisha nikawa na sugu nne, za manjano, nikizigonga ubavuni mwa jahazi zinalia ko, ko. Nilizionea fahari kuliko mshahara. Sarahangi hakuzistahi, alinipa jiwe la kusugulia miguu nizipunguze, maana sugu ikizidi unene lengelenge hutoka chini yake, na hilo huwezi hata kuliona. Nilimpuuza mara moja tu.

Kisha malaria ikanilaza miezi miwili. Ngozi ya juu hubadilika yote kwa mwezi hivi, na isiposuguliwa haina sababu ya kunenepa. Sugu zangu zilibanduka vipande vipande, kama magamba, nikiwa kitandani.

Nilipopona nikaenda kuomba kazi kwenye jahazi jingine. Nahodha hakuniuliza jina. Aliniambia nifungue viganja, akavipapasa kwa kidole gumba, akanipanga kufua maji ya ngama kwa nusu ujira. Mshikio wa ndoo ulikuwa kamba ya makumbi.