Bonde la Ruzizi kwa baisikeli

Mito mingi ya nchi yetu ni mizee. Ruzizi ni kijana. Wajuzi wa mawe na udongo wanatufundisha kwamba zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Kisha milima ya moto ya Virunga ikainuka, ikaifunga njia ile. Ziwa likajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita likafurika upande wa kusini, pale ulipo leo mji wa Bukavu. Tangu hapo maji ya Kivu yanakwenda Tanganyika, mwendo wa kilomita 117 hivi. Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari. Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Basi mto unashuka karibu mita 700, tena sehemu kubwa ya mteremko huo unaumaliza mapema, katika kilomita 40 za kwanza, kati ya magenge marefu. Huko ndiko yalikojengwa mabwawa ya umeme: la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili mwaka 1989, ambalo nguvu yake wanagawana Kongo, Rwanda na Burundi.

Nimeanza na habari za maji kwa sababu mtu anayetaka kulitembelea bonde hili kwa baisikeli hana mwalimu mwingine wa kumtangulia. Lakini na awe mwangalifu: mwalimu huyu anafundisha nusu ya somo. Maji hushuka wala hayaulizwi habari ya kurudi. Mtu ana nyumba, ana mke, ana watoto au wazazi wanaomngoja. Kwa hiyo njia njema ya bondeni haipimwi kwa wepesi wa kushuka. Hupimwa kwa namna itakavyomrudisha msafiri kwake.

Kutoka Bukavu njia za kushuka ni mbili. Ya kwanza ni ile ya Kongo, inayopita Nyangezi na kuteremka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola, kama kilomita 50 kwa jumla. Hadi Nyangezi utapita kati ya migomba na mashamba ya maharagwe, na vilima vitakupandisha na kukushusha kwa zamu. Kisha ardhi inakatika. Barabara inajipinda ubavuni mwa mlima, nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili shimo. Wakati wa masika udongo huporomoka na matope huifanya njia iteleze kama sabuni; wakati wa kiangazi vumbi la motokari humfumba mtu macho katikati ya kona. Wapo waliofia hapo, wenye motokari na wenye baisikeli pia.

Anayeshuka Ngomo asikie mashauri ya wabeba mizigo, maana hao ndio mabingwa wa njia ile. Breki zishikwe kwa vipindi, kushika na kuachia. Mwenye kuzikandamiza bila kupumzika huichoma mipira yake, na rimu hupata moto hata kuweza kuharibu tairi. Mzigo ufungwe chini na nyuma, usiyumbe. Kwenye kona usijipitishe kando ya kamio upande wa shimo, hata dereva akikupungia mkono. Na penye mteremko mkali kabisa, shuka utembee. Mbeba makaa wa miaka ishirini hutembea hapo bila kuona haya; mgeni ana sababu gani ya kuona haya?

Njia ya pili iko ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, kutoka Kamembe hadi Bugarama. Ni ya lami, nayo kwa miaka mingi motokari nyingi za Bukavu na Uvira ziliichagua kwa kuogopa Ngomo; zilivuka mpaka Bukavu, kisha zikavuka tena Bugarama na kuingia Kamanyola. Kwa macho ya msafiri ni njia nzuri sana. Vilima vimelimwa hadi kileleni, na ghafla chini yako unaona tambarare ya Bugarama na mashamba yake ya mpunga, yaliyogawanywa kwa mifereji. Huko kuna kiwanda cha saruji, na chemchemi za maji ya moto ambamo watu huja kuoga. Ila njia hii, iliyo nyepesi kwa miguu, ni nzito kwa karatasi. Kila mpaka una hati zake na saa zake, na mpaka uliofunguliwa asubuhi waweza kufungwa nyuma yako.

Njia hizi mbili hukutana Kamanyola. Karibu na hapo mto Ruhwa unaingia katika Ruzizi, na nchi tatu zinagusana kwenye maji yale. Hewa imebadilika: baridi ya Bukavu imebaki juu, na joto linakupokea kama mlango wa tanuru. Tangu hapo tambarare ni pana, na mteremko ni mdogo hata macho hayautambui, ila miguu inautambua.

Upande wa Burundi barabara inapita nchi ya Imbo, kwa Rugombo na Cibitoke, mpaka Bujumbura. Upande wa Kongo zinabaki kilomita 80 hivi hadi Uvira: Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Kuume kwako milima inasimama kama ukuta, na kutoka humo vijito vinavuka njia kukimbilia Ruzizi. Ukitaka kuijua tambarare hii, jua vijito vyake. Mvua hainyeshi sana bondeni. Inanyesha milimani, na maji hushuka ghafla hata siku ambayo kichwani pako jua linawaka. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hivyo katika Uvira, ukaua watu, ukabomoa nyumba na madaraja. Ukikuta kijito kimejaa maji mekundu, kaa ng'ambo ungoje.

Katika Sange, msafiri apunguze mwendo kwa heshima. Hapo tarehe 2 Julai 2010 kamio la mafuta lilipinduka. Watu wakaja kuteka mafuta, wengine walikuwa karibu wakitazama michezo ya Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa.

Mbele ni Kiliba na miwa yake, kisha ziwa, na ndagala zilizoanikwa juani. Njiani umesalimiwa kwa Mashi huko juu, kwa Kifuliiru na Kirundi katika tambarare, kwa Kivira karibu na ziwa. Na kila mahali Kiswahili kimekuombea maji ya kunywa. Utakuwa umeona pia kwamba waendesha baisikeli wengi wa bonde hili hawatembei kwa kujifurahisha. Huyu amebeba muhogo, yule makaa, yule mgonjwa ameketi nyuma. Kwao njia ikifungwa, sufuria nayo inafunikwa.

Na njia hufungwa. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mwezi Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, mapigano yakashuka bondeni, na mwezi Desemba mwaka uleule wakaingia Uvira. Watu kwa maelfu walikimbia kwa njia hizi nilizoziandika hapa, baisikeli zikiwa zimebeba magodoro na vyungu, wala hawakujua watarudi lini. Kwa hiyo mtu asilitwae andiko hili kama ruhusa ya kuondoka kesho. Aulize kwanza wale waliotoka huko jana. Na wakimwambia angoje, angoje.

Siku njia itakapokuwa salama, panga safari kuanzia mwisho wake. Kushuka hadi Uvira, kijana mwenye nguvu aweza kwa siku moja ndefu. Kurudi, ajiwekee mbili. Siku ya kwanza aondoke Uvira kabla ya jua, apumzike kivulini saa za mchana, alale Kamanyola. Siku ya pili aanze kupanda alfajiri, akiwa na maji, pampu, viraka na gundi. Na nguvu zikimwishia, atoe fedha aliyoiweka akiba kwa ajili ya nafasi katika kamio. Fedha hiyo asiiguse Uvira, hata ndagala zikinukia namna gani. Na kabla ya kuondoka nyumbani amwambie mtu mmoja jina la njia atakayoishika na siku atakayorudi, ili asipoonekana, watu wajue pa kumtafuta.